MZIGO NA ZOEZI: NGUVU ZA VIJANA WETU WA LUALABA, JANA NA LEO

Katika parokia za Kolwezi, kila jua linapoanza kushuka, viwanja vyajaa vijana. Wengine wana viatu, wengine wacheza miguu mitupu. Mpira ukiwa wa dukani ni heri. Ukiwa wa matambara, mchezo waendelea vilevile. Hao ni watoto wa miaka 12, 13, 14 na 15, na wengi wana neno moja moyoni: kuwa na nguvu, wachaguliwe, siku moja wacheze Lubumbashi mbele ya watu wengi.

Wazazi wao hutuuliza: Je, yafaa mtoto wa umri huo afanye mazoezi ya nguvu? Na tumpe chakula gani?

Majibu tunayoyasikia mitaani ni mawili. Wa kwanza husema: Mtoto asiinue kitu kizito, atadumaa, atabaki mfupi. Wa pili husema: Mwacheni abebe, sisi tulibeba, na mgodini watoto wanabeba, nao wana misuli kama chuma. Wasomaji wapenzi, majibu hayo yaonekana kama yanapingana, lakini yote mawili yana kosa moja. Yanachanganya mzigo na zoezi. Ili tuone tofauti yake, yatupasa kwanza tutazame habari za nchi yetu hii ya shaba, maana hapa swali la nguvu na chakula ni la zamani sana.

WALAJI WA SHABA

Kabla Wazungu hawajafika Katanga, wazee wetu walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba, wakaifanya misalaba iliyotembea mbali kwa biashara. Misalaba midogo ya shaba imeonekana hata katika makaburi ya zamani kando ya ziwa Kisale, kwenye bonde la Lualaba. Mafundi hao waliitwa Walaji wa Shaba. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliandika habari zao mwaka 1926 baada ya kuwaomba wazee wa Bayeke waonyeshe tena kazi hiyo iliyokuwa imekwisha kuachwa.

Neno moja katika habari hizo latufaa leo. Kazi ya shaba ilikuwa na majira. Watu walitoka kwenda machimboni wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, ghala zikiwa na chakula. Mvua ziliporudi, walirudi mashambani. Basi kazi nzito ilifuata chakula, na kupumzika kulifuata kazi nzito. Hakuna aliyewafundisha kwa kitabu. Mwaka wenyewe uliwafundisha.

KAMPUNI NA POSHO

Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ilitoka katika tanuru la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Sasa kazi haikujua tena kiangazi wala masika. Watu waliletwa kutoka mbali, wengi wakiwa wamechoka kwa safari ndefu, wakatiwa mara moja katika kazi ngumu. Katika miaka ile ya kwanza wengi walikufa kwa magonjwa ya mapafu na ya tumbo. Mtu mzima mwenye nguvu za kulima shamba lake alifika mgodini akaanguka.

Kampuni ilijifunza kwa hasara. Kutoka mwaka 1928 hivi ilibadili desturi: wafanyakazi wakapewa mapatano ya miaka mitatu, wakaja na wake zao na watoto, wakajengewa nyumba. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa mmoja wa wakubwa wa jambo hilo, alishika sana habari ya chakula. Kila jamaa ilipokea posho kwa kipimo: unga wa mahindi, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, nyama au samaki mkavu. Mama mwenye mimba alitazamwa, mtoto aliyeachishwa ziwa alipewa chakula chake, mtoto wa shule alipewa chakula shuleni. Vifo vya watoto vikapungua sana.

Tuseme kweli yote. Kampuni haikufanya hayo kwa upendo mtupu. Ilihesabu kwamba mtoto aliyekula vizuri leo atakuwa mchimbaji mwenye nguvu kesho. Posho ilikuwa pia kamba, maana anayekupa unga anaweza kukunyima. Wakati wa Vita ya Pili vitu vilipanda bei, mishahara ikabaki midogo, na wafanyakazi wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941, huko Elisabethville, askari waliwapiga risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira, wakafa makumi ya watu. Msomaji akumbuke jambo hilo kila anapoona uwanja wa michezo katika miji yetu ya migodi. Uwanja na sahani ya chakula vimekuwa majirani tangu zamani.

Hata hivyo, kampuni iligundua jambo lililo kweli, ingawa nia yake ilikuwa faida: nguvu hazianzi mkononi, zaanza katika sufuria, tena hazianzi siku mtu anapoajiriwa, zaanza tumboni mwa mama.

MAPADRI, JIMNASTIKI NA MPIRA

Upande wa pili walikuwapo wamisionari. Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani mwaka 1911. Katika shule zao walileta mambo waliyoyajua kwao Ubelgiji: jimnastiki ya mistari, kunyosha mikono, kuinama, kuruka, kutembea kwa hatua moja. Jimnastiki hiyo ilikuwa na asili yake Sweden, ambako Per Henrik Ling alianzisha chuo cha walimu wa mazoezi mjini Stockholm mwaka 1813. Haikuhitaji chuma wala mashine. Mwili wenyewe ndio uliokuwa uzito.

Halafu ukaja mpira. Padre Grégoire Coussement, Mbenediktini, alikuwa miongoni mwa waliopanga michezo ya vijana Waafrika mjini Elisabethville. Mwaka 1939 Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu kwa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa skauti. Timu hiyo ilibadilishwa jina zaidi ya mara moja, ikaitwa Englebert kwa ajili ya kampuni ya matairi, na leo dunia inaijua kwa jina la Tout Puissant Mazembe. Mwaka 1967 na tena mwaka 1968 ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika. Taifa letu lilipokwenda kombe la dunia la mwaka 1974 huko Ujerumani ya Magharibi, likiwa la kwanza kusini ya Sahara, mlinda lango Kazadi Mwamba na mlinzi Bwanga Tshimen walikuwa watu wa Mazembe.

Mji wetu wa Kolwezi ulianza mwaka 1937 katika enzi hiyohiyo ya kampuni. Mitaa ya wafanyakazi kama Musonoi, Kapata na Luilu ilijengwa kwa desturi ileile: nyumba, shule, dispensari, kanisa, uwanja. Serikali ilipoitwaa kampuni mwaka 1967, ikazaliwa kampuni ya taifa iliyokuja kuitwa Gécamines, posho iliendelea. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama. Kijana aliyecheza mpira jioni alikuwa amekula bukari na maharagwe mchana, na akiumia goti alitibiwa katika hospitali ya kampuni. Wengi wakaamini kwamba nguvu za vijana wa Katanga ni tabia ya damu yao. Kumbe zilikuwa pia tabia ya ghala.

GHALA LILIPOFUNGWA

Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Zikafuata ghasia za 1991 na 1992, mashine zikachakaa, na mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miaka, posho ikakatika. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Baba na mama, kama walivyosema watu, wakawa wameondoka nyumbani.

Hapo ndipo watu wengi walipochukua sululu wakaenda kuchimba kwa mikono yao shaba na kobalti. Sheria ya madini ya mwaka 2002 yaruhusu uchimbaji huo mahali palipotengwa, lakini kwa watu wazima tu. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 nayo yakataza kazi za namna hiyo kwa watoto. Pamoja na hayo watoto waliingia. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto kama 40,000 walifanya kazi katika migodi ya kusini mwa nchi. Watu wa Amnesty International na wenzao wa Afrewatch walipotoa taarifa yao mwezi wa Januari 2016, walieleza watoto wenye kuokota, kuosha na kubeba mawe, wengine mpaka saa 12 kwa siku, kwa malipo ya dola moja au mbili. Magunia mengine yalikuwa na uzito wa kilo 20 mpaka 40.

Tufanye hesabu. Kijana wa miaka 13 aweza kuwa na kilo 45. Akibeba gunia la kilo 30, amebeba theluthi mbili za mwili wake. Alibeba asubuhi bila kula, akala kitu kidogo mchana, na jioni twamwona uwanjani akicheza. Kocha asema: Huyu ana nguvu za ajabu! Lakini twauliza: nguvu hizo zatoka wapi, na nani atazilipa?

FUNDISHO LA KUDUMAA LILITOKA WAPI?

Sasa turudi kwa wale wasemao kwamba kuinua uzito hudumaza. Wazo hili lilikuwapo mahali pengi, na katika karne ya 20 lilipata nguvu kwa sababu ya habari iliyotoka Japani. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa wataalamu wa michezo mjini Tokyo, wataalamu wawili wa Kijapani walieleza habari za watoto wa sehemu za mbali za nchi yao waliokuwa wafupi kuliko wenzao, na mifupa yao karibu na magoti ilikuwa na dalili za kufunga mapema. Watu wakasema: Tazameni, uzito umewadumaza.

Lakini watoto hao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wafanyakazi. Walibeba mizigo mizito siku baada ya siku, wakiishi katika umaskini, na haikupimwa sawasawa kwamba ni mzigo au ni chakula kibovu kilichowazuia kukua. Basi habari ya watoto wenye mzigo ilitumiwa kuwakataza watoto wengine zoezi. Walikuwa ndugu za watoto wetu wa Kolwezi kuliko ndugu za kijana anayejinyosha uwanjani chini ya macho ya mwalimu.

Tangu hapo uchunguzi umefanywa katika nchi nyingi. Leo madaktari wa watoto, pamoja na Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, wafundisha kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopimwa vizuri na kusimamiwa hayamdumazi kijana. Shirika la Afya Duniani katika maagizo yake ya mwaka 2020 lasema watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wajishughulishe kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu za juma ziwe na mambo ya kutia nguvu misuli na mifupa.

Elimu ya kuzidisha uzito polepole ni ya kale. Wayunani walisimulia habari za Milo wa Croton, bingwa wa mieleka, aliyembeba ndama kila siku mpaka ndama akawa ng'ombe mzima. Hiyo ni hadithi, lakini akili yake ni ya kweli. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliifanya kuwa dawa huko Chicago. Askari waliojeruhiwa miguu walipewa uzito wanaoweza kuuinua mara kumi, kisha ukaongezwa kidogo kidogo kadiri walivyopata nguvu. Aliandika habari hiyo mwaka 1945, na mazoezi mengi ya leo yanatoka katika shina hilo. Haba na haba hujaza kibaba.

TOFAUTI NI NINI?

Mzigo na zoezi vyaweza kuwa na kilo zilezile. Tofauti yake ni nne.

1. Zoezi lina kipimo. Huongezwa mwili ukiwa tayari. Mzigo hupimwa na mnunuzi.

2. Zoezi lina mwalimu anayetazama mgongo, magoti na pumzi. Mzigo hauna anayeutazama ila anayeuhesabu.

3. Zoezi lina siku ya kupumzika. Misuli haijengwi wakati wa kuinua. Hujengwa baadaye, mtu anapokula na kulala. Mzigo warudi kila asubuhi.

4. Zoezi laweza kutuliwa. Kijana akichoka husema basi, wala hakuna kinachopotea. Mtoto wa gunia akilitua njiani hakuna pesa, na nyumbani hakuna unga. Ndiyo maana hubeba hata mwili unapokataa.

Kwa hiyo mtoto aliyebeba kutwa nzima asiongezewe mazoezi ya nguvu jioni. Anahitaji chakula, usingizi, na watu wazima wa kumtoa kwenye gunia. Mwalimu wa michezo asijivunie nguvu asizozijenga yeye.

MAZOEZI YA KIJANA YAWE NAMNA GANI?

Kwanza tujue mwili wa umri huo. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Kwenye ncha za mifupa kuna sehemu laini za kukulia. Katika miaka kama miwili ya kurefuka huko, mwili hujiwekea karibu robo ya madini ya mifupa ya utu uzima. Ni wakati wa mavuno ya mifupa, na mavuno hayo hayarudi.

Tena vijana wa umri mmoja si sawa. Mmoja wa miaka 13 ameanza kuota ndevu, mwenzake bado ni mtoto. Mwalimu asiwapange kwa umri peke yake. Atazame miili yao. Mdogo akifanya mazoezi, kwanza ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamuru misuli. Unene wa misuli huja baadaye, balehe ikifika. Basi asichekwe kwa kuwa mikono yake bado ni myembamba, wala asizidishiwe kwa hasira.

Siku mbili au tatu kwa juma zatosha, wala zisifuatane. Waanze kwa dakika kumi za kukimbia polepole na kulegeza viungo. Halafu wafanye haya: kuchuchumaa na kusimama mgongo ukiwa umenyoka; kupiga pompe, yaani kulala kifudifudi na kuinua mwili kwa mikono; kuning'inia kwenye mti imara na kujivuta juu; kujishika juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa kama ubao; kuruka na kutua kwa ulaini, magoti yasiangukie ndani. Kila moja mara 8 mpaka 12, kisha wapumzike, warudie mara ya pili. Umbo likianza kuharibika, hapo ndipo mwisho, hata kama hesabu haijatimia. Baada ya majuma kadhaa ya kufanya vizuri, waweza kuongeza mfuko wa mchanga wa kilo 3, baadaye 5. Kushindana nani atainua kizito kuliko wote ni jambo la kungoja mpaka mwili ukomae.

Maumivu ya kuchoka hupita kwa siku moja au mbili. Uvimbe na maumivu chini ya goti, au mgongo unaouma usiku, si uvivu. Kijana apumzishwe, aende dispensari. Vilevile mwenye malaria asirudishwe uwanjani kwa sababu homa imeshuka leo. Apewe siku za kupona.

CHAKULA

Hapa ndipo ghala la zamani latufundisha. Wataalamu wasema kijana anayefanya mazoezi sana ahitaji kila siku gramu 1.2 za protini au zaidi kidogo kwa kila kilo ya mwili wake. Kijana wetu wa kilo 45 basi ahitaji kama gramu 55 mpaka 65. Atazipata wapi bila kununua unga wa makopo ya dukani wenye picha za wanaume wenye misuli?

Unga wa mahindi gramu 400 humpa karibu gramu 32. Maharagwe makavu gramu 100, yaliyopikwa, humpa gramu 21. Karanga gramu 40 humpa gramu 10. Jumla ni 63. Tazama basi! Ni vitu vilevile vilivyokuwa katika posho. Tena vinasaidiana: protini ya mahindi ina upungufu ambao maharagwe huujaza. Lakini bukari ya mihogo mitupu ni jambo jingine. Gramu 100 za unga wa mihogo zina gramu moja au mbili tu za protini. Hujaza tumbo, hutia nguvu za kukimbia, haijengi misuli. Nyumba inayochanganya mihogo na mahindi kwa sababu ya bei yapaswa kuongeza maharagwe au ndakala. Samaki hao wadogo wakavu ni hazina: gramu 100 zake zina protini karibu 60, na mtu akiwala na mifupa yao apata pia madini ya mifupa. Viwavi vikavu vya msimu vyafaa sana, wala asiwepo wa kuvionea haya.

Sombe ni nzuri, hasa ikipikwa kabisa na kutiwa karanga na mawese, lakini sombe peke yake haimtoshi mwenye kucheza. Embe, pera na ndimu husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na majani. Chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Neno hili ni la wasichana zaidi, maana wakisha kuvunja ungo hupoteza chuma kila mwezi. Msichana mchezaji anayechoka upesi na kupauka asiambiwe ni mvivu. Apimwe damu. Na katika nyumba zetu tuache desturi ya kumpa kaka kipande cha samaki na dada mchuzi.

Kijana ale saa mbili au tatu kabla ya mazoezi, na tena karibu baada ya mazoezi. Uji wa mahindi uliotiwa karanga iliyosagwa ni chakula cha asubuhi kisichopungukiwa sana. Anywe maji safi yaliyochemshwa, hasa kiangazi chetu chenye vumbi. Usiku alale saa 8 mpaka 10. Simu na video za usiku huiba misuli kimyakimya. Pombe haimjengi kijana, na lutuku ni sumu kwake.

HABARI YA VUMBI

Jambo moja ni letu sisi watu wa Kolwezi. Mwaka 2014 madini yalionekana chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, na watu wakachimba hata sebuleni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walipowapima watu wa Kasulo, na kutangaza habari yao mwaka 2018, waliona kobalti nyingi katika damu na mkojo wao kuliko wa watu waliokaa mbali na machimbo, na zaidi sana kwa watoto. Basi pumzi za mwanamichezo zina shida mara mbili, maana anayekimbia huvuta hewa nyingi kuliko aliyeketi. Uwanja wa mazoezi uwe mbali na barabara ya malori na mahali pa kuoshea mawe. Mikono ioshwe kabla ya kula, nguo za vumbi zisiingie jikoni.

TUFANYE NINI?

Wako waliokwisha kuanza. Masista wa Bon Pasteur, waliofika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 2010, wamewapa watoto wa machimboni shule na chakula, na mama zao kazi nyingine ya kupata riziki. Huko Lubumbashi chuo cha mpira cha Katumbi kinawalea vijana kwa mpira na masomo pamoja. Mazembe ileile iliyoanzishwa na watawa ilifika mwaka 2010 mwisho wa kombe la dunia la vilabu, ya kwanza kutoka Afrika. Timu ya namna hiyo haiokotwi siku moja barabarani, hulelewa miaka.

Parokia yetu haina mali ya kampuni, wala haihitaji. Yahitaji mambo matatu: mahali pasipo vumbi, mtu mzima aliyejifunza kutazama magoti na mgongo, na sufuria. Tumehesabu. Vijana 30, kila mmoja gramu 100 za maharagwe, ni kilo 3 kwa siku moja ya mazoezi. Siku tatu kwa juma ni kilo 9. Shirika mbili tatu za jumuiya zikigawana, kila nyumba hutoa kikombe kimoja, na mama mmoja kwa zamu hupika. Mtoto ajuaye kwamba baada ya mazoezi kuna sahani ana sababu moja zaidi ya kuliacha gunia jioni ile. Na baba yake akiona anakula, ni rahisi zaidi kuzungumza naye juu ya shule.

Zamani kampuni ilipima posho ya mtoto kwa ajili ya mgodi. Sisi tupime kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Na kama katika hao 30 hatatoka hata mchezaji mmoja wa Mazembe, watabaki watu 30 wenye mifupa mizima, nasi hatutakuwa tumepata hasara.